Kivutio cha Nyuma ya Jiko

Mwenzangu wa ofisini amerudi juzi kutoka likizo Thailand na simu iliyojaa picha. Hapa Bariadi si kila wiki mtu anarudi kutoka Thailand, kwa hiyo saa ya chai tulimzunguka na vikombe vyetu. Alipofika kwenye picha za Ayutthaya, ule mji wa kale wa wafalme uliozungukwa na mito, akaanza kututajia vivutio, na akakosea. Alichanganya hekalu moja na jingine. Nikamrekebisha. Nikamwambia pia kwamba si mbali na ile minara mitatu ya kwenye picha zake kuna mti uliokumbatia kichwa cha jiwe kwa mizizi yake, na kwamba ukitaka kupiga picha pale lazima uchuchumae, maana haifai kichwa chako kiwe juu ya kile cha mheshimiwa.

Akanitazama. "Kumbe ulishafika?"

"Sijawahi kupanda ndege," nikasema. "Lakini mji huo nimetembeza watu kabla sijajua kusoma."

Walicheka, wakadhani natania kama kawaida yangu. Sikuwa natania. Kisha akaipitisha haraka picha moja iliyokuwa na kijumba kidogo juu ya nguzo, na mbele yake sahani ya wali. Nikamwomba arudi nyuma. "Hicho? Nilikipiga kwa bahati mbaya," akasema. Zamani ningeichukua simu yake nikakimbia nayo nyumbani kumwonyesha Bibi. Lakini Bibi tulimzika mwezi uliopita, na nilibaki nimesimama pale na chai yangu inapoa, macho yamejaa machozi mbele ya watu wa uhasibu.

Yote yalianza na kalenda ya Madam Salma. Madam Salma alikuwa afisa kilimo, mzaliwa wa Pangani, aliyeletwa na serikali kuwafundisha kilimo cha mpunga watu ambao, kwa maneno ya Bibi, walikuwa kwenye majaruba kabla mama yake Salma hajaota meno. Alipanga chumba chetu cha mbele. Alipopelekwa Thailand kwenye kozi ya mpunga alirudi na begi jipya, kikohozi, na kalenda ya ukutani yenye picha za Ayutthaya, kila mwezi na picha yake. Akatuzawadia. Baba aliitundika sebuleni juu ya redio, na mwaka ulipokwisha hakuna aliyethubutu kuitoa.

Mimi nilijiteua kuwa mwongoza watalii. Mgeni akiingia kwetu, kabla hajapewa maji ya kunywa, nilikuwa nimeshasimama kwenye kigoda na kijiti changu cha mpamba mkononi, nafunua Januari. Januari kulikuwa na minara mitatu mikubwa, mipana chini na myembamba juu, imejipanga mstari mmoja. "Hivi ni vihenge vya mtama," nilieleza. "Kimoja cha baba, kimoja cha mama, kimoja cha kulipia mahari." Hakuna aliyenibishia. Mtu aliyekulia Usukumani akiona kitu cha umbo lile nje ya nyumba anajua ndani kuna nafaka, na akiona vitatu anajua hapo hapana njaa.

Mwezi Mei alikuwapo mtu mkubwa wa jiwe, amelala ubavu, kichwa amekiegemeza mkononi, amefunikwa shuka la rangi ya machungwa. Mbele yake watu wamepiga magoti na maua. Hapo nilishusha sauti. "Huyu ni mgonjwa. Wamekuja kumjulia hali. Ameshapata nafuu, ndiyo maana anatabasamu." Wanawake walitikisa vichwa kwa huruma, na wengine walimsifu kwa kuwa na ndugu wanaojua kupiga goti.

Mjomba wangu wa Lingeka ndiye peke yake aliyeharibu msafara. Ilikuwa picha ya tembo waliovalishwa vitambaa vyekundu, wamebeba wazungu chini ya miavuli. Mjomba alisimama akaikaribia kalenda mpaka pua ikagusa karatasi.

"Huyu mnyama," alisema, "amemaliza mtama wangu wote mwaka jana, tena alirudi kula na maboga. Huko wanamvalisha nguo?"

"Huko ana adabu, Mjomba."

"Mwulize huyo Salma wako walimfanya nini." Alikataa kwenda mwezi uliofuata. Alikaa na wale tembo mpaka ugali ukaletwa.

Sasa nimtaje Bibi vizuri. Bibi alikuwa mama yake Baba. Alihamia kwetu kutoka Mwamapalala baada ya miguu kuanza kumgomea na nyumba yake kule kuanguka upande mmoja kwa mvua. Alikuja na vitu vichache: kigoda, vyungu, blanketi lake, na Babu. Babu alikuwa amekufa kabla sijazaliwa, lakini Bibi hakuona kwa nini hilo limfanye abaki peke yake kijijini. Hazikupita siku nyingi akachimbisha mashimo nyuma ya jiko, akasimika miti, akaezeka nyasi kwa mikono yake, kikawa kijumba cha kunifika kifuani. Numba ya masamva, alikiita, nyumba ya waliotangulia. Mavuno mapya yakiingia alimwekea Babu unga kidogo wa mtama uliokorogwa na maji, akakaa pale akimpa habari: nani kaoa, nani anaumwa, ng'ombe yupi kazaa. Alizungumza naye kama mke anayezungumza na mume aliye chumba cha pili.

Na kulikuwa na sheria. Kwetu hupiti mbele ya nyumba ya mtu mzima bila kusalimia, uwe unamwona au humwoni. Kwa hiyo nikienda kuchukua kuni asubuhi nilisema, "Mwangaluka, Babu," na jioni, "Mwadila, Babu." Bibi, popote alipokuwa, jikoni au uani, alijibu kwa niaba yake: "Mhola." Kwa muda mrefu niliamini kwamba Babu ana sauti ya kike.

Siku moja Madam Salma alinikuta namtembeza Bibi Ayutthaya. Alisimama mlangoni na kikombe chake, akasikia habari ya vihenge, akacheka mpaka chai ikamwagikia kanga.

"La, mwanangu! Siyo maghala hayo. Mle wamo wafalme. Majivu yao yamehifadhiwa humo."

Nikamtafsiria Bibi kwa Kisukuma. Bibi aliitazama tena ile minara. "Kumbe wanawajengea wafu wao," akasema. "Mwulize, wale wasio wafalme wanafanyaje?"

Madam Salma alikuja akafunua mpaka Novemba. Nilikuwa naujua mwezi ule lakini nilikuwa nauruka, maana ulikuwa mdogo na hauna tembo. Kijumba juu ya nguzo, paa limechongoka, shada la maua, sahani ya wali, kikombe, na chupa ya soda nyekundu yenye mrija. "Wasio wafalme wana hivi, bibi yangu. Kila nyumba, kila duka, hata benki. Ni vya wenyeji wa kale wa pale mahali. Wanawapelekea chakula asubuhi. Mambo ya wenyewe hayo, mimi nilipita zangu."

Bibi aliniambia niitoe kalenda ukutani. Akaiweka mapajani. Akapitisha kidole kwenye kile kijumba, kwenye paa, kwenye nguzo, kwenye wali.

"Wakipita hapo, wanasalimia?"

"Sana," akasema Madam Salma, akakutanisha viganja na kuinamisha kichwa kutuonyesha.

"Wana ng'ombe?"

Hilo nililijibu mimi. Nikafunua ule mwezi wa mashamba ya mpunga. Walikuwapo, weupe, wenye nundu, wamesimama kwenye maji.

Bibi alifunga kalenda akanirudishia. "Hawa ni watu wetu," alisema. "Walitangulia na mifugo, wakapotea njia ya kurudi."

Cheka tu. Lakini mimi niliona ni jambo la wazi kabisa. Kila ukoo wa kwetu ulikuwa na mtu aliyehama na ng'ombe wake. Wa kwetu walikuwa wameshafika Rukwa, wakafika Mbeya, wakashuka mpaka Lindi, kila mwaka tunasikia wamesogea mbele. Sikuona ni kitu gani kingewazuia kufika Ayutthaya. Nikawaingiza kwenye msafara, na kila mgeni aliambiwa kwamba mji ule mzuri ni wa ndugu zetu. Nilitembea mtaani kifua mbele. Watoto wengine walikuwa na shangazi Mwanza.

Mwaka huo Baba alichaguliwa kuwa mzee wa kanisa. Baba alikuwa na duka la vipuri vya plau sokoni, mtu wa utaratibu, shati amechomekea hata siku ya kupalilia. Alilifurahia lile jukumu kwa namna yake ya kimya. Haukupita muda maneno yakaanza: mzee wa kanisa gani ana kijumba cha mizimu nyuma ya jiko? Mama aliyasikia bombani. Baba aliyasikia dukani, kutoka kwa watu waliojifanya wanauliza bei ya jembe.

Jioni moja, wakati wa kula, alimwambia mama yake akiutazama ugali, "Mayu, Jumamosi Mchungaji anakuja na waumini. Ibada itafanyika hapa kwetu. Ikiisha, tutakiondoa kile cha nyuma."

Bibi alimaliza tonge lake kwanza. "Kaya ni yako, baba," alisema. Alimwita mwanawe hivyo daima, baba. "Mkishakiondoa, mnirudishe Mwamapalala."

"Mayu, kule utakaa na nani? Nyumba imeanguka. Hata maji huwezi kuchota."

"Baba yako hawezi kulala nje. Na mimi siwezi kulala ndani yeye yuko nje."

Mama alijifanya anatafuta kifuniko. Mimi niliogopa kama sijawahi kuogopa kitu, kwa sababu niliijua ile sauti ya Bibi; haikuwa ya kutishia, ilikuwa ya kupanga safari. Nilikuwa nalala naye kitanda kimoja. Miguu yake ilikuwa ya baridi na alinichokoza nayo kila usiku. Nilimwona tayari peke yake katika ile nyumba iliyoinama, anaita mtu amletee maji na hakuna mtu. Nililia chini ya meza, na Baba aliona.

Jumamosi ikafika. Sebule ilijaa mpaka watu wengine wakakaa mlangoni. Waliimba, wakasoma, wakaomba. Mchungaji alikuwa mtu wa Shishiyu, mpole, mwenye sauti nzito iliyofanya redio yetu ionekane inanong'ona. Baba alikuwa amevaa suruali yake ya Jumapili, na chini ya kiti chake nililiona panga, limefungwa kwenye gunia kwa heshima. Bibi hakuwapo. Alikuwa ametoka katikati ya ibada, nikadhani miguu inamsumbua.

Tukiwa tunasubiri chai, Mchungaji akainua macho ukutani. "Na hapa ni wapi, pazuri hivi?"

Hakuna aliyewahi kuniuliza swali hilo akatoka bure. Nilikuwa juu ya kigoda kabla Baba hajakohoa. Niliwapitisha kwenye minara, kwa mgonjwa mwenye nafuu, kwa tembo wenye adabu, kwenye kile kichwa kilichoshikwa na mizizi, ambacho nilieleza kuwa ni cha mchungaji wa ng'ombe aliyesinzia kazini. Mchungaji wa kanisa alicheka kwa moyo wote. Kisha nikafunua Novemba.

"Hii ni nyumba ya babu yao," nilisema. "Wanampa wali na soda. Watu wanatoka Ulaya, wanapanda ndege, wanakuja kuitazama. Ni kivutio." Neno hilo nilikuwa nimefundishwa na Madam Salma, na nilipenda kulitamka. "Na sisi tunacho cha kwetu. Karibuni nyuma."

Nikashuka, nikatoka na kijiti changu bila kugeuka.

Ndugu zangu hupenda kuniuliza kama nilikuwa nimepanga. Nilikuwa na akili, lakini si nyingi kiasi hicho. Nilichojua ni kwamba mahali panapotembelewa hapabomolewi. Katika kalenda yote ile, kila ukuta ulioanguka ulikuwa umeachwa palepale, na watu wamesimama kando yake wanapiga picha. Na nilijua tabia ya watu wa kwetu: mwenyeji akisema karibuni, hawajui kukataa. Nilisikia viti vinasogezwa. Walikuwa wananifuata, Mchungaji mbele, kofia mkononi.

Bibi alikuwa nyuma ya jiko, juu ya kigoda chake. Alikuwa anakibomoa mwenyewe. Nusu ya paa ilikuwa imeshatoka, na nyasi alikuwa amezifunga fungu moja zuri, kama za kuuza. Alikuwa anafanya hivyo ili kesho mtu asije kumwambia mwanawe kwamba alibomoa nyumba ya baba yake. Hilo sikulielewa siku ile. Baba alilielewa palepale, nilimwona usoni.

"Ngojeni kidogo," Bibi alisema. "Namalizia."

Lakini nilikuwa na wageni, na mwongoza watalii haachi wageni wamesimama kimya. Nikanyoosha kijiti. "Hapa ni kwa Babu," nikasema.

Na Mchungaji akainamisha kichwa, akasema, "Mwadila, baba."

Sidhani kama alijua anasema nini. Mtu aliyelelewa Shishiyu akiambiwa hapa ni kwa mzee fulani, salamu inamtoka mdomoni kabla hajafikiri. Mama yake alimlea hivyo. Bibi, mikono imejaa nyasi, alijibu kama alivyojibu siku zote.

"Mhola, ng'wanawane." Salama, mwanangu.

Kuku mmoja alipita kati yetu. Mama mmoja wa kwaya alijifunika kanga mdomoni, mabega yakawa yanamtikisika. Mchungaji alishika kola yake, akaiachia, akaivaa kofia, akaivua tena. Ni vigumu sana kubomoa nyumba ambayo umeshamsalimia mwenyewe na akakuitikia.

Baba akapita mbele. Alikuwa anatokwa jasho. "Mchungaji," alisema, "mtoto amesema kweli. Hiki ni..." Akakitazama kijiti changu. "Ni kivutio. Hakuna anayekisujudia hapa. Kinatazamwa tu."

Mchungaji alikitazama kile kijumba, akamtazama Bibi, akatazama lile fungu la nyasi. "Paa limefumuka," alisema mwishowe. "Mgeni akija atatazama nini?" Kisha akageuka akauliza kama chai iko tayari.

Watu wakarudi ndani. Baba alibaki. Alichukua lile fungu la nyasi mikononi mwa mama yake, akapiga goti uchafuni na suruali yake ya Jumapili, akaanza kurudishia. Bibi alikuwa anamwambia hapo umelegeza, hapo kaza, kama mtoto wa miaka saba. Nilisimama pale na kijiti changu, najiona mkubwa kuliko mkuu wa mkoa, na bado sijawahi kujiona mkubwa hivyo tena.

Sisemi kila mtu aliridhika. Maneno kanisani yaliendelea, na kuna familia moja ambayo hadi leo haijanywa chai kwetu. Baba aliendelea na uzee wake wa kanisa na hakulizungumzia tena lile neno alilolisema. Madam Salma alihamishiwa Morogoro. Kalenda ililiwa na mchwa kuanzia Desemba kurudi nyuma, mpaka ikabaki minara mitatu, na Bibi hadi mwisho aliiita vihenge. Alikaa nasi miaka mingi, na miguu yake ya baridi.

Tulimzika Mwamapalala kando ya Babu, kwa ibada kamili, Baba akiongoza nyimbo bila sauti kukatika. Tuliporudi Bariadi nililala kwenye kitanda chake. Alfajiri nikasikia panga nyuma ya jiko, taratibu, likichonga mti.

Nilimkuta Baba amechomekea shati, amepiga magoti, kamba ya katani ameishika kwa meno. Kando ya kijumba cha Babu alikuwa amesimika kingine, ukuta kwa ukuta, na alikuwa anaezeka. Ni mzee sasa. Aliniona lakini hakuacha kazi.

"Ni kivutio," alisema, kamba ikiwa bado mdomoni. "Nishikie huo mti."

Nikaushika. Kulikuwa kunapambazuka, na sheria ni sheria. "Mwangaluka, Babu," nikasema. Halafu nikageukia kile kipya, chenye nyasi mbichi. "Mwangaluka, Bibi."

Hapakuwa na jibu. Ndipo iliponiingia kwamba kwa miaka yote ile mwenye kujibu alikuwa yeye, na kwamba sasa hayupo wa kujibu. Nilianza kulia pale pale, nimeshika mti.

Baba aliitoa kamba mdomoni, akalikaza fundo, akalijaribu kwa kidole kama lingemridhisha mama yake.

"Mhola," akaitikia.